Kuchagua rodi na kutuliza mkono: mwongozo kwa anayeanza kuchomelea

Anayeanza kuchomelea huwa na maswali mawili: anunue rodi gani, na kwa nini mshono wake haunyooki. La kwanza lina jibu fupi. Kwa chuma cha kawaida, nunua 6013 ya milimita 2.5, na usiibadilishe mpaka mkono uizoee. La pili linahitaji maelezo marefu zaidi, maana wengi hubadilisha rodi, kisha ampea, kisha mashine, wakati kinachoyumba ni nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma.

Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, kuanzia namba zilizo kwenye pakiti hadi kuuvunja mshono wako mwenyewe ili uone ndani kuna nini. Unahusu mashine ya kawaida ya rodi, iwe ya transfoma au inveta, yaani ile nyepesi ya kielektroniki.

Hatua ya 1: Ijue rodi na uzisome namba zake

Rodi ina waya wa chuma katikati na ganda la flaksi juu yake. Waya huyeyuka na kujaza kiungo. Flaksi inapoungua hutoa gesi inayozuia hewa isikifikie chuma kilichoyeyuka, hutuliza arki, yaani ule moto wa umeme kati ya ncha ya rodi na chuma, kisha hubaki juu ya mshono kama slagi inayoukinga unapopoa. Kabla Oscar Kjellberg wa Uswidi hajabuni rodi yenye ganda mwanzoni mwa karne ya 20, watu walichomelea kwa waya mtupu. Oksijeni na naitrojeni za hewa ziliingia moja kwa moja kwenye chuma cha moto, na mishono ikatoka na vitundu, tena dhaifu. Kwa hiyo rodi iliyopasuka au kubanduka ganda inakurudisha kwenye hali hiyohiyo. Itupe, au ivunje pale ilipoharibika utumie kipande kizima kilichobaki.

Pakiti nyingi huandikwa kwa mfumo wa Marekani, mfano E6013. E ni elektrodi. Namba mbili za mwanzo ni nguvu ya chuma cha mshono kinapovutwa, kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba: 60 ni pauni 60,000, yaani megapaskali 410 na ushee, na 70 ni megapaskali 480 na ushee. Namba ya tatu inaeleza mkao wa kazi. Ikiwa 1, rodi inafaa kwa mikao yote: bapa, mlalo, wima na juu ya kichwa. Ikiwa 2, ni ya kazi bapa na kona za mlalo tu. Namba ya mwisho, ikisomwa pamoja na ya tatu, inakueleza aina ya flaksi na umeme unaofaa.

Pakiti nyingine hufuata mfumo wa kimataifa wa ISO 2560, na maandishi yake huwatisha wageni: E 42 0 RC 11, kwa mfano. Hapo 42 ni megapaskali 420, kiwango ambacho mshono hustahimili kabla haujaanza kunyumbuka bila kurudi. Herufi ndizo zitakazokusaidia zaidi. R ni rutaili, yaani madini ya titani, C ni selulosi, yaani nyuzi za mimea, B ni flaksi ya besi yenye haidrojeni kidogo. Ukiona RC, uko jirani na 6013. Ukiona B, uko jirani na 7018.

Wapo watakaokushauri ununue 7018 kwa kila kazi kwa sababu 70 ni kubwa kuliko 60. Usiufuate ushauri huo mwanzoni. Chuma cha kawaida cha ujenzi chenyewe huvutwa hadi megapaskali 400 na kitu ndipo kikatike, kwa hiyo mshono mzuri wa 6013 unakitosha kwa kazi nyingi. Mishono ya wanaoanza huachia kwa sababu chuma hakikushikana chini, na rodi ya namba kubwa haiwezi kuliponya tatizo hilo.

Hatua ya 2: Linganisha rodi na kazi

6013 ni rodi ya rutaili. Huwaka kwa urahisi, haimwagi cheche nyingi, slagi yake hubanduka vizuri, na hufanya kazi kwa umeme wa AC (unaobadilisha mwelekeo) na wa DC (wa mwelekeo mmoja), rodi ikiwa imeunganishwa upande chanya au hasi. Haizami sana, na hilo ni faida kwa chuma chembamba. Mageti, madirisha, meza na fremu za mabomba ya mraba ni kazi zake. Udhaifu wake mkubwa ni slagi nyingi, ambayo ukienda polepole mno au ukiilaza rodi hukimbilia mbele ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kufunikwa na chuma. Ukigonga mshono unakuta matundu yaliyojaa uchafu mweusi.

6011 na 6010 ni za selulosi. Arki yake ni kali, inazama ndani sana na kustahimili kutu na rangi kidogo, na slagi yake ni nyembamba. 6011 inakubali AC na DC. 6010 inataka DC ikiwa upande chanya, na inveta nyingi ndogo hushindwa kuishikilia isizimike. Mabomba yanayofukiwa ardhini na matengenezo ya chuma chakavu hutegemea sana rodi hizi. Mkono wake ni tofauti kabisa: unapeleka ncha mbele kidogo, unairudisha na kutua, tena na tena. Ziache kwa sasa.

7018 ni ya haidrojeni kidogo, na hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Unyevu ukiingia kwenye arki hutoa haidrojeni, haidrojeni hujificha ndani ya chuma, na kwenye chuma kinene au kigumu inaweza kukipasua saa nyingi baada ya kazi kuonekana imekwisha salama. 7018 imetengenezwa kuzuia hilo. Ndiyo rodi ya nguzo, mihimili, chesi za magari, ndoano za kuvutia trela na kila kitu ambacho kikiachia kinaweza kumuumiza mtu. Inapendelea DC upande chanya. Mashine ndogo za AC zenye volti chache kabla arki haijawaka, 50 hivi, huhangaika nayo sana. Mshono wake ni mzuri na chuma chake kinaonekana wazi chini ya slagi, lakini inataka arki fupi mno na haimsamehe anayeinua mkono.

7024 imejaa unga wa chuma kwenye flaksi, inajaza haraka, na unaweza kuiburuta ikigusa bamba. Ni ya kazi bapa na kona za mlalo. Mkono haujifunzi mengi kwake.

Stenlesi na chuma cha kusubu vina rodi zake. Stenlesi ya kawaida hutaka 308L, stenlesi kwa chuma cha kawaida hutaka 309L, na chuma cha kusubu mara nyingi hutaka rodi za nikeli. Usiunge stenlesi kwa 6013 ukitegemea itadumu.

Hatua ya 3: Unene wa rodi na ampea

Kanuni ya kuanzia ni kwamba rodi isizidi sana unene wa chuma unachounga. Chuma cha milimita 1.5 hadi 2 kinataka rodi ya milimita 2.0. Cha 2.5 hadi 5 kinataka ya 2.5. Kuanzia 5 kwenda juu, 3.2 inaanza kuwa na maana. Wauzaji wengine huziita kwa geji za waya za Uingereza: geji 14 ni kama milimita 2.0, geji 12 ni kama 2.5 na geji 10 ni kama 3.2. Namba ya geji ikipanda, rodi inakuwa nyembamba, na wengi hukosea hapo wanaponunua.

Kwa 6013, rodi ya milimita 2.0 hufanya kazi kati ya ampea 40 na 65 hivi, ya 2.5 kati ya 60 na 90, na ya 3.2 kati ya 90 na 130. Pakiti yenyewe huwa imeandikwa kiwango cha mtengenezaji, na hicho ndicho cha kufuata. Ila usiiamini sana namba iliyo kwenye kitasa cha mashine. Mashine nyingi za bei nafuu husema 80 huku zikitoa kingine, na waya mrefu au umeme hafifu wa jengo hupunguza zaidi.

Kwa hiyo pima kwa rodi. Weka 75 kwa rodi ya 2.5, chomelea sentimita 5 kwenye bamba chakavu lenye unene sawa na kazi yako, gonga slagi, tazama. Rodi ikinata kila mara na mshono ukakaa juu ya bamba kama umewekwa tu, ongeza 5. Rodi ikiwa nyekundu kabla haijafika nusu, cheche zikarukaruka na pembeni mwa mshono pakachimbika mtaro, punguza 5. Badilisha ampea peke yake kila unapojaribu, vingine vyote uviache. Ukibadilisha ampea, pembe na kasi kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia.

Kama mashine yako ni ya DC, unaweza pia kuchagua upande wa holda, yaani kishikio cha rodi. Kwa 6013 kwenye chuma chembamba, holda ikiwa hasi inapunguza kuzama na hatari ya kutoboa. Kwenye bamba nene, jaribu chanya.

Hatua ya 4: Zitunze rodi

Rodi iliyonyonya unyevu inapasukapasuka kwa sauti, inatoa vitundu na wakati mwingine ganda lake huota unga mweupe. Ziweke kwenye chombo kinachofunga, mahali pakavu, mbali na sakafu ya saruji.

Kuzikausha kunategemea aina. 6013 zilizopata unyevu zinaweza kukaushwa kwa moto mdogo, nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa saa moja hivi. 7018 iliyokaa wazi inataka joto kali zaidi, kuanzia nyuzi 260, kwa saa mbili, na baada ya hapo ihifadhiwe kwenye oveni ya nyuzi 120 na kuendelea. Kanuni za kazi za miundo ya chuma huzipa 7018 za kawaida saa 4 tu nje ya oveni au pakiti iliyofungwa. Nazo 6010 na 6011 usiziweke kwenye oveni kabisa. Zimetengenezwa ziwe na unyevu kiasi ndani ya ganda, na ukizikausha zinaharibika.

Hatua ya 5: Jikinge na uandae mahali

Mwanga wa arki huunguza macho, nawe huhisi saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga umeingia chini ya kope. Tumia kofia yenye kioo namba 10 au 11, na waondoe watu na watoto waliosimama karibu, maana wao hawana kioo. Vaa mikono mirefu ya pamba, viatu vilivyofunga na glavu kavu za ngozi. Glavu iliyolowa jasho inapitisha umeme. Ibadilishe.

Fanya kazi penye hewa inayopita, na uweke kichwa pembeni mwa moshi badala ya juu yake. Bomba au bati lenye zinki lisagwe kwanza mpaka chuma chenyewe kionekane, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka. Pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta usilichomelee hata kama linaonekana tupu na limekauka. Mvuke uliobaki unalipuka.

Halafu athi. Klampu ya athi ibane kwenye chuma kilichosafishwa kwa grinda au brashi ya waya, karibu na kazi. Ikikaa kwenye rangi au kutu, arki inakatikakatika, nawe utailaumu rodi bure. Kabla hujaongeza ampea kwa sababu ya arki dhaifu, shika klampu uitikise, uone kama imebana.

Kwa mazoezi tafuta mabamba ya milimita 5 au 6. Chembamba hutoboka na kukuvunja moyo, kinene mno kinanyonya joto. Yasage yawe meupe.

Hatua ya 6: Uweke mwili kabla ya mkono

Mkono usioegemea kitu utatetemeka, hata uwe wa fundi mzoefu. Kaa kama kazi inaruhusu. Egemeza kiwiko kwenye meza au kwenye goti, na mkono wa pili uushike ule wenye holda kwenye kifundo. Waya wa holda ni mzito na unavuta mkono nyuma, kwa hiyo upitishe juu ya bega ili kifundo kisibebe uzito wake. Shika holda kwa ulegevu. Ukiona vidole vimechoka baada ya rodi mbili, unabana mno.

Kama unatumia mkono wa kulia, anza kushoto uende kulia. Holda inatangulia kidogo upande unakoelekea, na ncha ya rodi inaangalia nyuma kwenye mshono, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 kutoka wima. Ukiitazama kazi kutoka mwisho wa bamba, rodi isimame wima bila kulalia upande wowote. Anayetumia kushoto afanye kinyume.

Sasa, mashine ikiwa imezimwa, fanya zoezi kavu. Chora mstari wa chaki, funga rodi kwenye holda, pitisha ncha juu ya mstari wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, kiwiko kimegota mahali? Je, mwisho wa mstari umelazimika kujinyoosha? Sogeza kiti sasa, kabla moto haujawaka.

Katika zoezi hilohilo lipo jambo ambalo ningependa kila anayeanza alielewe mapema. Rodi ya milimita 2.5 yenye urefu wa sentimita 30 inaungua sentimita 25 hivi, na kutoa mshono mwembamba wa karibu sentimita 15. Yaani katika dakika moja hivi holda yako inakwenda pembeni sentimita 15 na inashuka sentimita 25. Inashuka zaidi kuliko inavyosogea! Anayeanza hufikiria kusogea tu, mkono unabaki juu palepale, rodi inafupika, arki inarefuka, na mshono unaharibika kuanzia katikati. Pima mwenyewe kwa rula uone. Kisha rudia zoezi kavu ukiwa unashusha: anza holda ikiwa juu kushoto, imalize ikiwa karibu na bamba kulia, kwa mteremko mmoja usiokatika.

Hatua ya 7: Washa arki

Kwaruza ncha ya rodi kwenye bamba kama unavyowasha kiberiti, kwa kifundo, siyo kwa mkono mzima. Ikiwaka, inua milimita 3 au 4 kwa sekunde moja ipate joto, kisha shusha mpaka nafasi iwe sawa na unene wa waya wa rodi, milimita 2.5. Wengine hugonga badala ya kukwaruza. Jifunze kukwaruza kwanza, kugonga kutakuja.

Ikinata, zungusha kifundo haraka kushoto na kulia. Ikikataa, fungua taya za holda uiachie au zima mashine. Usiivute kwa nguvu wala kuiacha ikiwa nyekundu.

Rodi ya 6013 iliyotumika nusu huacha ganda likitangulia waya, ncha ikawa na kikombe kilichozibwa na slagi. Igonge taratibu kwenye bamba chakavu mpaka waya uonekane, ndipo uwashe tena.

Zoezi lenyewe ni rahisi: washa, tengeneza kidimbwi cha upana wa milimita 6 hivi, kaa hapo sekunde tatu, zima. Hamia sentimita 2 pembeni, rudia. Jaza bamba zima kwa vidoa hivyo. Kila kidoa kinapaswa kuwa duara lenye kingo zilizoshikana na bamba. Usipite hatua hii kwa haraka, kwa sababu atakayehangaika na kuwasha atafunga macho au kukaza misuli kila anapoanza mshono.

Hatua ya 8: Chomelea mstari ulionyooka

Kata rodi kadhaa nusu na ubandue ganda sentimita 2 upande wa kushikia kwa vile vipande visivyo na kishikio. Rodi fupi haipepesuki kwenye ncha, na mkono unaelewa upesi zaidi. Ukizimudu, rudi kwenye rodi nzima.

Chora mistari ya chaki au kwangua kwa msumari, sentimita 10 kila mmoja. Chaki huonekana vizuri chini ya kioo. Washa, subiri dimbwi lifikie upana wa mara mbili ya rodi, kisha anza kusogea.

Angalia nini? Swali hilo linaamua mengi. Macho ya anayeanza hukimbilia mwangaza wa arki. Yaondoe hapo uyapeleke ukingo wa nyuma wa dimbwi, pale chuma kinapoanza kuganda. Chuma kilichoyeyuka ni laini, kimetulia na kina ukingo wa duara. Slagi inaelea nyuma yake, haina umbo maalumu na inatembeatembea. Ukishazitofautisha, kazi yako ni moja: ukingo ule ubaki na umbo lilelile na upana uleule. Ukirefuka, unakwenda mbio. Ukipanuka na slagi ikaanza kukupita, umekawia, au umeilaza rodi. Slagi ikisogea mbele, simamisha rodi wima zaidi, fupisha arki, ongeza mwendo kidogo.

Sikiliza pia. Arki fupi ina mvumo wa kukaanga usiokatika. Ikianza kupuliza na kufoka, imerefuka. Shusha mkono. Mara nyingi sikio hugundua kabla ya jicho.

Usichezeshe rodi. Wengi huambiwa wachore miezi au miduara kabla hawajaweza kunyoosha mstari, na wanaishia kuficha mtetemo ndani ya michoro hiyo. Buruta tu, moja kwa moja. Kuchezesha kuna mahali pake, kwenye mwanya mpana na mshono wa wima, ila kuna maana kwa mkono uliotulia tayari.

Ukifika mwisho, usinyanyue ghafla. Tua kidogo, rudi nyuma milimita 5 juu ya mshono, kisha zima. La sivyo unaacha shimo, na nyufa huanzia hapo. Ukiendeleza mshono kwa rodi mpya, safisha slagi kwanza, washa sentimita moja mbele ya shimo, rudi ulijaze, ndipo uendelee.

Acha bamba lipoe baada ya mishono michache. Bamba la moto hubadilisha dimbwi, nawe utadhani mkono umebadilika.

Hatua ya 9: Usome mshono

Ukiwa umevaa miwani, gonga slagi, piga brashi ya waya, kaa na bamba mkononi. Mawimbi madogo yaliyo juu ya mshono yanaeleza mwendo wako. Yakiwa ya duara na yamepangana kwa nafasi sawa, mwendo ni mzuri. Yakichongoka kama herufi V na mshono ukawa mwembamba, ulikimbia. Mshono mpana, mnene na wenye kingo zilizomwagika unasema ulikawia. Mshono uliosimama juu kama kamba, kingo zake hazikushikana, unasema ampea zilikuwa chache. Mitaro pembeni inasema ampea zilizidi au arki ilikuwa ndefu. Spata nyingi, yaani matone ya chuma, zilizotapakaa pamoja na upana unaobadilika kila sentimita ni arki ndefu, karibu kila mara. Vitundu ni unyevu, uchafu au arki ndefu.

Andika kwa chaki kando ya kila mshono ampea ulizotumia. Ukipanga mishono kumi kwenye bamba moja, utaona hasa ni wapi mkono ulianza kuelea, na mara nyingi ni palepale katika kila mstari, pale kiwiko kinapoishiwa nafasi.

Mistari ikishanyooka, jaza bamba kwa mishono inayopandana, kila mmoja ukiulalia uliotangulia kwa theluthi hadi nusu. Safisha slagi kila mara. Zoezi hili linafundisha kulenga, kwa sababu sasa unafuata ukingo wa mshono badala ya chaki.

Hatua ya 10: Unga kona, kisha uivunje

Simamisha bamba moja juu ya jingine liwe kama T iliyogeuzwa, shikiza ncha zote mbili kwa vidoa, kisha chomelea upande mmoja tu. Rodi igawanye kona katikati, nyuzi 45, na uinamishe kuelekea mwendo kama kawaida. Ongeza ampea 5 hadi 10 kuliko ulizotumia kwenye mstari bapa, kwa kuwa joto linakimbilia pande mbili. Weka arki fupi kabisa kwenye kona, na uangalie dimbwi liyashike mabamba yote mawili kwa kiasi sawa. Bamba la juu likiwa na mtaro na la chini likiwa na uvimbe, holda iko chini mno au mwendo ni wa polepole.

Ikipoa, piga bamba lililosimama kwa nyundo kubwa ulilaze kuelekea upande uliochomelewa, mpaka mshono ufunguke au bamba lipinde kabisa. Sasa tazama kwenye shina la kona. Ukiona mstari wa bamba uliobaki na makali yake ya mwanzo, safi kama ulivyokatwa, hapo chuma hakikuyeyuka. Ukiona slagi nyeusi imelala ndani, ilitangulia arki. Ukiona chuma cha kijivu chenye chembechembe kimepasuka kuanzia shinani, au bamba limelala bila mshono kuachia, umepenya.

Rudia mpaka kona tatu mfululizo zipite mtihani huo. Baada ya hapo punguza ampea kwa asilimia 10 hadi 15, simamisha bamba wima, na uanze kuchomelea kutoka chini kwenda juu kwa rodi ileile ya 6013. Hapa ndipo kutua kidogo kila upande wa mshono kunapoanza kuwa na kazi. 7018 ya milimita 2.5 uifungue ukishaweza hilo, ukianza tena kwenye bamba bapa, arki ikiwa fupi hadi ganda karibu ligusane na dimbwi.

Kazi ya kubeba watu au mizigo, kama ngazi, roshani, trela au fremu ya gari, isubiri mpaka fundi aliyethibitishwa aikague mishono yako.